Godoro la Kwanza la Waziri Mkuu

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta mwenyewe. Hakulikataa wakati ule na halikatai mpaka leo. Kisa kikianza kusimuliwa kantini ya polisi, yeye ndiye wa kwanza kucheka, maana ameshagundua kwamba akiwahi kujicheka mwenyewe, wenzake wanakosa pa kuanzia. Sajini wake, mwanamama mwenye macho makali na ulimi uliozidi macho, husema bosi wake alipata siku ile bahati ambayo mpelelezi yeyote angeitamani: alikuwa karibu na ukweli tangu asubuhi hadi mchana. Karibu kiasi gani, hasemi. Humwacha msikilizaji afike mwenyewe.

Simu iliwakuta chai bado inafuka. Kiwanda cha zamani cha magodoro, kile alichokianzisha Waziri Mkuu kabla hajaijua siasa, kilikuwa kinafunguliwa mchana ule kuwa nyumba ya kumbukumbu ya maisha yake. Viti vilikuwa vimeshapangwa uani, vipaza sauti vimeshajaribiwa, mabalozi wamealikwa. Lakini katika chumba kikuu, juu ya jukwaa la mbao lililozungushiwa kamba nyekundu, hapakuwa na kitu.

"Mali ya taifa imetoweka," alinong'ona Mkuu wa Itifaki, bwana mwembamba aliyenyooka kama aliyepigwa pasi akiwa ndani ya nguo zake. "Ni godoro. Godoro la kwanza kabisa alilolitengeneza Mheshimiwa kwa mikono yake. Na habari hii, Inspekta, isivuke kizingiti. Utahoji watu, lakini hutawaambia kilichopotea."

"Nitawahoji vipi juu ya kitu nisichokitaja?"

"Wewe ndiye mpelelezi."

Sajini alikohoa kikohozi chake cha kuficha kicheko. Inspekta angepaswa kukataa pale pale, aseme sharti hilo halitekelezeki. Badala yake alikunja uso, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa siri ya dola, akasema, "Sawa, mkuu." Ujinga wake ulianzia hapo.

"Mlinzi nimeshamfungia kwenye stoo ya rangi," Mkuu wa Itifaki aliendelea. "Ufunguo wa chumba hiki ni mmoja tu, na ulikuwa mfukoni mwake. Wageni wakifika godoro halipo, jioni hii analala rumande."

"Ameambiwa kosa lake?"

"Ataambiwa mahakamani."

Inspekta alianza na jukwaa. Alipiga magoti, akatoa lenzi. Juu ya mbao palikuwa na vinyuzinyuzi vya pamba ya kijivu, na kipande cha uzi mweupe, mpya, kama uliokatwa kwa meno. Vyote alivitia kwenye bahasha. Kufuli halikuguswa. Dirisha lilikuwa wazi.

"Katokea hapa," alisema. "Ufunguo ni wa kutupoteza maboya."

"Na godoro nalo lilipita hapa, afande?"

Dirisha lilikuwa jembamba. Inspekta, ambaye si mwembamba, aliamua kuthibitisha kwa vitendo. Alipitisha kichwa, akapitisha bega, akapitisha tumbo kwa msaada wa Sajini, kisha ukasikika msumari ukifanya kazi yake na suruali ikipiga kelele. Akabaki amening'inia, nusu kwenye nyumba ya kumbukumbu, nusu ua wa nyuma, akitazama kamba za kuanikia zilizofungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye kamba hizo vinyuzinyuzi vya pamba vilikuwa vikicheza na upepo. Aliviona kwa macho yake yote mawili. Akaviacha.

"Kiwanda cha magodoro," alijisemea. "Lazima pawe na pamba."

Sajini alimvuta miguu, akapiga chafya mfululizo. "Hii pamba ni ya jana au ya leo, afande? Kiwanda kimefungwa mashine tangu mwaka juzi."

"Sajini, usinipotezee uzi."

Wakati Sajini akimtafutia pini ya kubana suruali, Inspekta alizunguka chumba akisoma mabango ukutani, maana mpelelezi lazima amjue mwenye mali. Hapo maisha ya Waziri Mkuu yalikuwa yametundikwa kwa mfuatano, yakiwa yamefuliwa na kupigwa pasi. Kwanza kijana mwembamba, uso hauonekani, amebeba godoro kichwani. Alikuwa akilikunjua mbele ya mlango wa mteja na kumwambia ajilaze kidogo tu, ajaribu. Mteja akisinzia, biashara imekwisha. Kisha karakana, kisha kiwanda, malori yenye picha ya mtu anayekoroma. Kisha mgomo wa wafanyakazi uliomalizika siku ile ile, kwa sababu mwenye kiwanda alitoka nje akakaa chini pamoja na waliogoma, akauliza, "Tunamgomea nani?" Watu waliipenda hadithi hiyo, wakamsukuma agombee ubunge. Wapinzani wakasema muuza magodoro ataenda bungeni kulala. Yeye akajibu kwamba wengine wanalala mle bila hata kuleta godoro lao. Akapita. Baadaye akawa Waziri wa Biashara, kisha Waziri Mkuu, na mtaani watu wakaendelea kumwita Mzee Godoro, usoni kwake, naye huitika.

Bango la mwisho lilikuwa na picha ya godoro lenyewe: jembamba, la mistari ya buluu iliyofifia, lina doa la chai katikati na mabonge kama barabara iliyosahauliwa. Inspekta alilitazama sana. Alitaka sura yake imkae kichwani.

Mlinzi walimkuta stoo amekalia kopo la rangi, kofia magotini. Alikuwa mlinda geti wa kiwanda tangu kiwanda hakijapata geti. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu, na kiinua mgongo chake kilikuwa bado kinasubiri saini.

"Mwanangu," alimwambia Inspekta, "kama nimekosea kupiga saluti, niambieni. Mimi naweza kurudia."

"Jana jioni, mzee, aliingia mgeni yeyote?"

"Mgeni? Hakuingia hata mmoja. Naapa."

"Hukuona kitu cha ajabu?"

"Cha ajabu nimekiona leo. Nimefungiwa stoo."

"Ulisikia kelele?"

"Za nini?"

Inspekta alifungua mdomo, akakumbuka sharti, akaufunga. "Za jumla."

Mlinzi alimgeukia Sajini kwa huruma, kama anayeuliza huyu ameanza lini. Sajini aliinamia daftari. Walipotoka alisema, "Afande, tumemuuliza mtu kama alisikia kelele za jumla."

"Amri ni amri."

"Na akilala rumande kwa kosa la jumla?"

Hilo lilimchoma Inspekta kuliko ule msumari. Aliamua kuhoji kila mtu aliyekuwemo, na kwa kuwa chumba kikuu kilikuwa kimefungwa, akaomba mahali pa kukaa. Akaelekezwa chumba cha kushonea.

Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mapana, meza ya kukatia vitambaa, mizani ya pamba, na ukutani sindano ndefu zimepangwa kwa urefu wake. Hapo alikuwepo dada mkubwa wa Waziri Mkuu, mama mnene wa kiasi, miwani imefungwa uzi shingoni, aliyemlea mdogo wake baada ya wazazi kufariki na ndiye aliyemfundisha kazi. Kiwanda kizima kilimwita Shangazi. Mashine zilipozimwa wote wakaenda zao, ila yeye alibaki kuja kila siku, kama mtu anayekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Karibu, baba, karibu. Suruali imekufanyaje?"

"Kazi, Shangazi."

"Kazi gani inaanzia nyuma? Haya, usisimame, kaa. Kaa hapo kwenye benchi, pana godoro jipya, utapumzika."

Benchi lilikuwa pana, na juu yake palitandikwa godoro la kitambaa cheusi chenye maua mekundu, limetuna kama mkate uliotoka tanuri. Inspekta alikaa. Alizama kidogo, kisha akaelea. Baada ya dirisha lile, alihisi nchi imemkumbuka.

"Shangazi, jana jioni ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona mwizi?"

"Mwizi! Mungu apishe mbali. Kuna kilichoibwa?"

"Sikusema hivyo."

"Sasa mbona unamtafuta mwizi?"

Sajini alipiga chafya kwa wakati mwafaka. Shangazi akawamiminia chai kutoka kwenye birika lililovishwa kitambaa cha mistari ili lisipoe. "Mpelekeeni na mzee wa getini," alisema. "Nimepita hapo leo sijamwona. Kaenda wapi?"

"Ana shughuli," alisema Inspekta, akatazama kikombe chake.

"Basi sawa. Lakini wewe, baba, sogea upande huu kidogo. Hivyo. Sasa rudi nyuma. Ehee. Kaa hapo hapo, usiwe na haraka ya kuondoka, unanisaidia sana."

Inspekta aliguswa. Katika miaka yake yote ya upelelezi, hakuna shahidi aliyewahi kumwambia kwamba anamsaidia. Alijinyoosha, akakunywa chai, akahoji mpambaji, fundi umeme na mpishi, wote kwa maswali yasiyo na kichwa wala mkia, na kila baada ya muda Shangazi alipita na kumwomba ahamie kona nyingine. Alihama kwa furaha. Kitu kimoja tu kilimkera: kila alipokaa pembe ya kushoto, kidude fulani kigumu kilimchoma pajani. Alidhani ni pini ya suruali.

Mtu aliyemtilia shaka hasa aliingia karibu na mchana, akiwa na suti ya kijivu na tabasamu la mtu anayesubiri kuulizwa. Huyu alikuwa kiongozi wa upinzani. Zamani aliuza magodoro ya pamba pamoja na Waziri Mkuu. Wakagombana, akaenda kufungua kiwanda chake cha magodoro ya sponji, na tangu hapo nchi nzima ikamwita Bwana Sponji. Walishindana sokoni, wakahamishia ushindani bungeni. Wiki nzima alikuwa akitangaza kwenye mikutano kwamba godoro la kwanza ni la kuigiza.

"Umefika mapema," alisema Inspekta.

"Nimealikwa. Godoro limepotea, sivyo?"

Inspekta nusura aruke, ila pale alipokaa palikuwa pazuri mno. "Umejuaje?"

"Nimekuja kulitazama, nikakuta askari amesimama mlangoni. Ndani mna mabango na godoro. Nidhani kimeibwa nini, ukuta?"

Sajini aliandika. Inspekta akamnong'oneza, "Usiandike ukuta."

"Wewe ndiye unayenufaika lisipoonekana," alimwambia mshukiwa.

"Mimi? Inspekta, mimi ndiye wa mwisho kutaka lipotee. Nimetangaza ni la uongo. Likipotea watasema nimeiba ushahidi. Mimi nataka liwepo pale, wageni wamejaa, kamera zimewashwa, halafu niombe jambo moja dogo: tutie mkono kwenye pembe ya kushoto."

"Pana nini pembe ya kushoto?"

Bwana Sponji akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikaacha mkutano wa hadhara ikarudi nyumbani. "Tulikuwa vijana. Yeye anatia pamba, mimi nashona. Nilikuwa na kastabini ya babu yangu, ile kofia ya chuma ya kuvaa kidoleni sindano isikutoboe. Nikaivua nikaiweka kando. Yeye na haraka yake akaizoa pamoja na pamba, akaishindilia mle ndani. Nikasema tufumue. Akasema mteja anasubiri. Tukagombana mpaka mteja akaondoka, godoro likabaki, na urafiki ukaisha. Watu wanasema tulitengana kwa sababu ya sponji. Tulitengana kwa sababu ya kastabini. Kama godoro lile ni la kweli, chuma kile kimo. Kama hakimo, ni kitambaa kilichopakwa chai."

Inspekta hakutikisika. Polepole sana, kama mtu aliyehisi mdudu, aliteleza mpaka pembe ya kushoto akakaa. Kikamchoma. Aliondoa pini ya suruali, akaiweka mezani, akakaa tena. Kikamchoma vile vile.

Ndipo vyote vikamjia kwa pamoja, kama wageni waliosubiriana nje ya mlango: pamba kwenye kamba za kiwanda kisichofanya kazi, uzi mpya kwenye jukwaa la kitu cha zamani, mzee aliyeapa kwamba hakuingia mgeni. Macho yake yakaenda kwenye birika. Kitambaa kilichofunika birika kilikuwa cha mistari ya buluu iliyofifia, na doa lake la chai lilikuwa la zamani kuliko chai iliyomo.

"Sajini," alisema bila kugeuka, "sharti limekwisha." Kisha, kwa heshima zote: "Shangazi, lile godoro la maonyesho liko wapi?"

Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Si hilo umelikalia tangu asubuhi?"

Sajini aliweka daftari chini, akaenda kuegemea ukuta.

"Mngeuliza mapema ningewaambia mapema," Shangazi aliendelea. "Jana nimeingia na ufunguo wangu, chumba kile kilikuwa stoo yangu ya pamba, kufuli halijabadilishwa. Nikafungua dirisha hewa iingie. Nakuta wameliweka juu ya jukwaa, lina doa, lina mabonge, kama mtoto aliyepelekwa harusini na makamasi. Mabalozi waje waone vile? Nyumba ya magodoro? Nikalibeba. Leo alfajiri nikalifumua, nikaichambua pamba, nikaianika, nikairudisha, nikalivika nguo mpya. Godoro likishatiwa pamba linataka mtu mzito alikalie kila upande, pamba ilale sawa. Mimi nguvu za kukaa kutwa sina. Ukaja wewe, baba, Mungu akubariki."

"Na kastabini?" aliuliza Bwana Sponji, na sauti haikuwa ya kiongozi wa chochote.

"Niliiona. Nikairudisha pale pale. Vitoto viwili viligombania chuma, nikitoe nje mgombane tena?"

Sajini alikuwa ameshakimbilia stoo. Alirudi na mlinzi, kofia imenyooshwa kichwani.

"Mzee, hukumwona Shangazi jana akitoka na godoro?"

"Nilimwona, nikamfungulia na mlango wa kushonea."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza juu ya mgeni. Halafu kiwanda cha magodoro, mwanangu! Angebeba papa ningeshangaa."

Furaha ilikuwa bado inazunguka chumba alipoingia Mkuu wa Itifaki. Aliliona godoro lenye maua mekundu, akaelezwa, akaliona birika. Rangi ilimtoka.

"Hili si lenyewe!" alisema. "Godoro la kwanza lilikuwa na mistari! Kava lake ni la kihistoria, na mmelivisha birika! Inspekta, mali ya taifa imeharibiwa. Mlinzi aliruhusu. Anarudi stoo mpaka mtu awajibike."

"Pamba ni ile ile," alisema Inspekta. "Na ndani mna ushahidi wa chuma, nimeuthibitisha kwa mwili wangu."

"Pamba haionekani! Wageni wataona kitambaa cha jana. Kitu kikibadilishwa sura namna hii si kile tena. Hapa hakuna godoro la kwanza, na bila godoro la kwanza hakuna sherehe, na mimi siwezi kumdanganya Mheshimiwa."

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameshafika. Alisimama mlangoni, walinzi wake nyuma, suti nyeusi imemkaa vizuri, beji ya bendera kifuani, nywele zimekatwa leo. Alimtazama dada yake, akamtazama Bwana Sponji, kisha pembe ya kushoto ya godoro. Mzee wa getini alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Mkuu wa Itifaki akapata nguvu. "Mheshimiwa, naomba uamuzi wako. Je, hiki kitu chenye nguo mpya kinaweza kuitwa kile cha zamani?"

Kabla ya jibu, Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akamwelekezea kidole mdogo wake pale mlangoni.

"Huyu nilimlea ana kaptula moja yenye kiraka nyuma," alimwambia Mkuu wa Itifaki. "Kama kuvishwa nguo mpya ni kuacha kuwa wewe, basi mfungieni na yeye stoo, maana aliyesimama hapo amemwiba mdogo wangu. Na kama ni yule yule, mwachie mzee wa watu, usaidie kubeba godoro."